Nilivyopanga kamera za intro ya Warcraft III, na dogo aliyebonyeza Esc

Kipindi hicho Warcraft III, gemu ya vita ya kompyuta, ndo ilikua kila kitu kwetu. Jamaa yangu mmoja alikua anajenga mapu yake ya hadithi kwenye World Editor, ile programu iliyokuja na gemu yenyewe tangu 2002, ila yeye alikua na The Frozen Throne, ile nyongeza ya gemu ya 2003, so vitu vya kuchezea vilikua vingi zaidi. Jamaa ni mtu wa milima na mito, kupanda miti mmoja mmoja hadi msitu ueleweke, lakini mambo ya kamera alikua hayataki kabisa. Akaniita, kaka njoo nisaidie intro, nataka jeshi liingie, mfalme aseme maneno mawili matatu alafu mchezaji aanze kazi. Nikaenda.

Alichokua ameshaweka ni kamera inayoruka kutoka kona moja ya mapu hadi nyingine bila kupumzika, yani unaangalia unapata kizunguzungu. Mi msimamo wangu kwenye hayo mambo haujabadilika hadi leo, kamera itulie, wanaotembea wawe watu. Tukabishana pale, yeye anasema ikitulia itaonekana imefanywa kivivu, mi namwambia ikiruka hivi hakuna atakayemuona huyo mfalme wako. Mwisho akasema haya, fanya yako nione.

Kwa ambae hajawahi kugusa, kamera kwenye ile edita sio kitu unachokitundika hewani ukakigeuza. Unachagua nukta chini kwenye ardhi, alafu namba ndo zinasema jicho liko mbali kiasi gani na linatazama kwa pembe ipi. Ukiziacha zilivyo, umbali ni 1650, upana wa picha nyuzi 70, na pembe ya kuinama imeandikwa 304. Hiyo 304 watu inawachanganya bure tu, ni 360 toa 56, yani kamera inatazama chini kwa nyuzi 56, ndo ile picha ya kutoka juu uliyoizoea ukicheza. Nikavuta umbali hadi kama 600, pembe nikaipeleka 345, nikainua nukta kidogo kutoka ardhini maana bila hivyo katikati ya picha panakua viatu vya mfalme. Basi yule mfalme ambae siku zote ni kamdoli kadogo akawa na sura, na ndevu, na joho linapepea. Jamaa akakaa kimya kwanza.

Alafu akauliza, "Sasa huko nyuma mbona kweusi?"

Swali zuri. Ile gemu imetengenezwa uangalie ardhi kwa juu, mambo ya mbali haina habari nayo. Kuna namba nyingine inayosema kamera ionyeshe mwisho wapi, inaanzia 5000, na kila kilichopita hapo kinakatwa kama kwa panga. Ukitazama kwa juu huoni, ukiilaza kamera unaona mlima umekatwa nusu. Nikaiongeza, milima ikarudi, ila juu ya milima bado giza totoro kwasababu mbingu hamna, mbingu inabidi uiite mwenyewe kwenye triga, yani ile orodha ya amri unayoiandikia gemu. Tukaweka ile mbingu inayoitwa Lordaeron ya kiangazi. Jamaa akaongeza ukungu kidogo, wazo lake hilo wala sio langu, na ndo lililomaliza kazi maana ukaziba ule mstari ardhi inapoishia.

Kusogeza kamera ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unaita kamera ya kwanza kwa sekunde 0, mstari unaofata unaita ya pili kwa sekunde 6, katikati gemu inajaza yenyewe. Cha kuchunga ni ardhi tu, kamera inafata miinuko, nukta ikipita kwenye kilima na picha nayo inapanda na kushuka hata kama hujaomba. Ikabidi jamaa asawazishe kipande kwa brashi, huku analalamika kua namuharibia mlima.

Sasa hapo ukiniuliza ningesema tumemaliza. Mdogo wake jamaa akapita, tukamwambia dogo hebu kaa ujaribu. Mfalme ndo kwanza anafungua mdomo, dogo kabonyeza Esc, kile kitufe cha kuruka intro.

Jamaa triga ya kuruka intro alikua nayo tangu zamani, ilikua inazima triga ya intro na kurudisha kamera kwa mchezaji, kwa macho iko sawa kabisa. Dogo akachagua askari wake, akaanza kutembea, ghafla kamera ikamtoka ikarudi kwa mfalme, jeshi likaendelea kuingia, na hotuba ikaendelea juu ya vita. Dogo anabonyeza kila kitu. "Bro, hii gemu inajicheza yenyewe!"

Kumbe kuzima triga pale maana yake ni isianze tena, basi. Iliyokwisha kuanza na imelala kwenye weiti, yani amri ya kusubiri sekunde kadhaa, haijui kama imezimwa, sekunde zake zikiisha inaamka na kuendelea na mistari iliyobaki kama hakuna kilichotokea. Nikamwambia jamaa kamera tusiziguse tena mpaka hili liishe.

Tukaanza na mwisho. Triga moja peke yake, kazi yake kuiacha dunia vile inavyotakiwa kua mchezo ukianza: jeshi lihamishwe papo hapo hadi getini, wale askari wa kupamba picha waondolewe, kamera irudi, ile mistari myeusi ya juu na chini itoke, na kama skrini ilikua imefifia iwake, maana mtu anaweza kubonyeza Esc wakati ni giza akabaki anasikia panga tu. Alafu variabo moja, yani kijisanduku ambacho gemu inakumbukia jibu, ya kweli au sikweli. Ukibonyeza Esc inakua kweli na ile triga ya mwisho inaitwa. Kwenye intro yenyewe, baada ya kila weiti, sio baadhi, kila weiti, hadi zile zilizojificha ndani ya maneno ya mfalme, unaweka swali, imeshakua kweli? Kama ndio, achana na vilivyobaki vyote. Na anaetazama intro hadi mwisho nae anapitia triga ile ile, kwahiyo hakuna dunia mbili.

Kazi ya kuchosha, hakuna wa kuisifia, lakini mi naona hapo ndo unajua nani anajua kutengeneza intro na nani anajua kupiga picha nzuri.

Kuna moja tena ambayo nilikua naisubiri. Ile iventi ya kuruka, yani tukio linaloamsha triga, haijali kama kuna intro au hamna, inasikia Esc muda wowote. Yani mchezaji yuko katikati ya vita, kabonyeza Esc kwa mazoea tu, jeshi lake lote linarudishwa getini. Hiyo dawa yake fupi, triga ya mwisho inazima ile ya kuruka, na hapa kuzima kunafanya kazi kwasababu haijaanza. Dogo tukamrudisha kwenye kiti, tukamwambia bonyeza Esc unavyotaka. Akabonyeza mfalme akiongea, akabonyeza kwenye giza, akabonyeza akipigana, kila mara jeshi liko linapotakiwa kua.

Mapu yake ya pili jamaa hakuniita. Alinakili folda nzima ya zile triga, akabadilisha kamera na majina ya askari, akaniuliza kitu kimoja tu, kwanini milima yake imekatwa nusu.