Siku yangu na jibu lisilokuja

Saa 11:45 alfajiri. Kabla ya chai nafungua skrini ya ufuatiliaji kwenye simu. Wengi hudhani msanifu wa mifumo huangalia kwanza kama seva zimeelemewa, lakini mimi huanza na idadi ya miamala tuliyoituma kwa mshirika, yaani kampuni inayotekeleza malipo ya wateja wetu, bila kupata jibu lolote. Uliofaulu unajulikana, uliokataliwa unajulikana, ila ulionyamaza unaweza kuwa umeshakata pesa ya mtu huku sisi tukiuhesabu kuwa haukufanyika. Leo ni tarehe 28, mishahara imeingia, na Dar es Salaam inanunua umeme.

Saa 2:30 asubuhi. Nikiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, dada wa huduma kwa wateja ananiandikia: "Shikamoo kaka. Kuna mama wa Mbagala amekatwa 20,000 mara mbili na kaletewa tokeni mbili. Anasema alibonyeza mara moja tu, na hiyo ya pili ilikuwa nauli ya wiki."

Saa 3. Nasoma logi, yaani kumbukumbu za kila tukio, ambazo seva huziandika kwa saa za dunia (UTC) zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, hivyo 04:12 ya seva ni saa 1:12 asubuhi kwetu. Miaka yote hii bado nahesabu kwa vidole. Ombi la kwanza lilitoka 04:12:07, likasubiri sekunde 30, likakatwa. Programu yetu ikatuma la pili likiwa na namba mpya ya kumbukumbu. Mshirika alikuwa amekwisha kulitekeleza la kwanza, jibu lake likapotea njiani, na alipoona namba mpya akaamini kwamba ni ununuzi mwingine. Kosa ni letu. Namba ile ilipaswa kuzaliwa mara moja, pale mama alipothibitisha ununuzi kwenye simu yake, kisha isindikize kila jaribio hadi mwisho, na hifadhidata ikatae kabisa kuipokea mara mbili. Ombi likijirudia, lipewe jibu la awali na pesa isiguswe.

Saa 5. Kijana mmoja wa timu anapendekeza majaribio ya kutuma ombi yaongezwe kutoka matatu hadi matano. Namchorea ubaoni: simu hujaribu mara 3, lango letu linalopokea maombi mara 3, huduma ya malipo mara 3, kwa hiyo bonyezo moja linaweza kumfikia mshirika mara 27. Kwa matano zinakuwa 125, tena wakati ambao yeye mwenyewe amezidiwa. Tunakubaliana tabaka moja tu lirudie, likiongeza muda wa kusubiri kila mara na kuuchanganya kidogo kwa bahati nasibu ili wateja wote wasigonge mlango kwa sekunde moja. Na kabla ya kurudia, liulize kwanza hali ya muamala ule.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8 mchana. Kikao cha kuugawa mfumo katika huduma ndogondogo, mjadala unaorudi kila robo mwaka. Huduma yenye upatikanaji wa asilimia 99.9 hulala takribani dakika 43 kwa mwezi. Tatu za namna hiyo zikitegemeana mfululizo, na kila moja ikilala kwa wakati wake, zinafika karibu dakika 130. Sisi ni wahandisi sita. Naona programu moja iliyopangwa vizuri ndani inatutosha, ila ujumbe mfupi kwa mteja utolewe kwenye njia ya malipo na kuwekwa kwenye foleni, kwa sababu malipo hayana haja ya kuusubiri.

Saa 10. Kwenye mazingira ya majaribio tunatengeneza mshirika bandia anayepokea malipo, anayatekeleza, kisha anakata laini bila kusema neno. Toleo la zamani linalipa mara mbili. Toleo jipya linalipa mara moja, hata tulipozima seva yetu katikati ya kusubiri.

Saa 1 usiku. Tunalipandisha toleo jipya kwa asilimia 5 ya wateja. Mama wa Mbagala amerudishiwa 20,000 yake.

Saa 3:40 usiku. Kwenye logi, saa 18:40 ya seva, unapita mstari mmoja: "Namba hii imeshashughulikiwa, jibu la awali limerudishwa." Nampigia kijana simu aje auone.