Anza na maganda: tulivyopunguza taka kwenye ploti yetu ya Zimmerman

Ukitaka kupunguza taka kwenye ploti ya kupanga hapa Nairobi, achana na plastiki kwanza. Anza na maganda. Nasema hivi nikijua kwamba karibu kila kampeni ya usafi niliyoiona huanza na chupa, na picha zake zote ni za watu waliovaa fulana mpya wakiokota chupa kando ya mto. Kwenye ploti, chupa si shida. Chupa ina mnunuzi. Kinachoozesha gunia zima ni maganda ya viazi, vishina vya sukuma wiki, majani ya chai na ule wali wa juzi uliosahaulika kwenye sufuria. Chupa safi ikilala siku tatu na mabaki ya wali, hata yule kijana anayeishi kwa kuuza chupa ataiacha.

Ploti yetu, hapa mtaa wa Zimmerman, ina nyumba thelathini na kitu, ghorofa nne, na uchochoro mmoja nyuma kati ya jengo na ukuta wa jirani. Taka zote zilikuwa zinaishia kwenye uchochoro huo, ndani ya magunia, zikisubiri lori la Jumamosi. Lori likikosa kuja, na hukosa hasa mvua ikinyesha, uchochoro wote unatoa maji meusi yanayofika hadi ngazini.

Jiji hili linazalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu yake ni vitu vya kuoza. Nyingi zinazozolewa zinapelekwa Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Hadi leo linapokea. Chakula kikifukiwa huko chini bila hewa, kinatoa gesi ya methani, ambayo hushika moto kwa urahisi na kuufanya moto wa jaa uwe mgumu kuuzima. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Mimi nina shangazi Dandora. Upepo ukigeuka jioni anafunga madirisha yote, hata kukiwa na joto. Kwa hiyo maganda yangu yalikuwa yanatoka Zimmerman kwa lori, kwa pesa yangu, kwenda kumfukizia shangazi moshi.

Hata hivyo, siyo habari za shangazi zilizomshawishi mwenye ploti. Ni mtaro. Masika ya mwaka 2024, yale ya mafuriko yaliyoangusha nyumba Mathare, mtaro wetu wa mbele uliziba na maji yakaingia nyumba za chini. Fundi wa mabomba aliyekuja kuzibua alitoa matope ya ugali na mafuta yaliyogandamana na vitambaa, akadai pesa ambazo mwenye ploti alizitaja kwa uchungu miezi mingi baadaye. Nilimwendea wakati bado anaugulia. Sikumtajia mazingira hata mara moja. Nilimwambia, "Mzee, tukiondoa taka za jikoni, hutaita fundi kila masika, na lori litabeba magunia machache." Akaniuliza itamgharimu nini. Nikasema mapipa matatu ya kuozeshea maganda hadi yawe mboji, yaani mbolea, na ruhusa ya kutumia uchochoro. Akakubali kabla chai haijapoa.

Ningeweza pia kumtajia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, za kuoza kando na zisizooza kando. Ni sheria nzuri, na imeanzia mahali sahihi. Lakini mtaani sheria inahitaji mtu wa kushika ndoo, na huyo sheria haikuja naye.

Majirani walikuwa kazi nyingine. Mama Shiru wa ghorofa ya pili alinisimamisha ngazini, mkono kiunoni.

"Mama Deno, sasa unataka tufuge panya?"

"Panya tunao tayari, mama. Mimi nataka kuwanyima chakula."

Alicheka, lakini hakukubali siku hiyo. Alikubali alipoona ndoo. Nilikuwa nimekusanya ndoo ndogo za mafuta ya kupikia kutoka vibanda vya chapati, zile zenye kifuniko kinachobana, na kumpa kila mama moja pamoja na mkebe wa maranda. Ukitia maganda, unanyunyizia maranda juu, unafunga. Maranda yanafyonza maji na nzi hapati pa kutua. Ndoo inakaa chini ya sinki siku mbili tatu na haitoi harufu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kina mama wengi walikuwa wanahangaika na maji ya taka za jikoni, kwa sababu zile juala zilizokuwa zikifungwa fundo na kutupwa hazipo tena. (Ingawa najua nyumba ambako bado kuna juala za mwaka huo zimekunjwa chini ya godoro kama hati ya shamba.) Ndoo yenye kifuniko iliwatatulia shida waliyokuwa nayo tayari. Nadhani hapo ndipo tulipofaulu, kuliko mahali pengine popote.

Sasa mapipa. Tulinunua ya plastiki ya bluu, lita 200, yaliyotumika, kama shilingi 2,500 kila moja huko Kariobangi. Uliza lilibeba nini, kisha usiridhike na jibu, inusa. Lililobeba juisi au mafuta ya kupikia ni sawa. Likinuka dawa, ondoka. Soja wetu, yaani mlinzi wa ploti, alipasha msumari mnene kwenye jiko la makaa na kutoboa matundu ya upana wa kalamu kuzunguka pipa lote na chini. Tukayaweka juu ya matofali ili hewa ipite chini, na maji yakidondoka yaonekane. Wengine walitaka yawekwe juu paani. Nilikataa. Pipa likijaa mboji mbichi linapita kilo 100, halafu paani ndiko tunakoanika nguo, na hakuna anayetaka shuka zake zikauke kando ya maganda.

Chini kabisa tunaweka vijiti vilivyokatwa kwenye ua, kisha ndoo moja ya maganda kwa ndoo mbili za vitu vikavu. Wataalamu wanasema vijidudu vinavyoozesha vinataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Kaboni iko kwenye makavu, nitrojeni iko kwenye mabichi, na kipimo cha ndoo mbili kwa moja kinakufikisha karibu na hapo bila mizani. Makavu yetu ni maranda ya seremala, trei za mayai zilizochanwa, na majani makavu. Maranda yawe ya mbao tupu. Ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au zile za kubandikwa kwa gundi, mwachie seremala.

Harufu ndiyo inayokuambia pipa linaendeleaje. Likinuka yai bovu, limekosa hewa, lipindue na uongeze makavu. Likinuka mkojo, mabichi yamezidi. Nzi wadogo wakicheza juu, hukufunika. Kuhusu maji, chota konzi moja, kamua kwa nguvu: tone moja au mawili likitoka kati ya vidole, liko sawa. Likichuruzika, ongeza trei. Likivunjika kama makombo, nyunyizia maji uliyooshea mchele. Asubuhi za Julai, kukiwa na ile baridi ya ukungu, ukifungua kifuniko mvuke unakupiga usoni na miwani yako haifai tena. Rundo kubwa hufika nyuzi 55 hadi 65 na kuua mbegu na vimelea. Pipa letu ni dogo, joto halidumu, ndiyo maana tunaotewa na nyanya kwenye kila gunia tunalopandia sukuma kwa mboji hiyo, bila kupanda. Hatulalamiki.

Kokwa za maembe na za parachichi hazisikii chochote. Msimu wa maembe nilizipiga marufuku, zinatolewa kwanza.

Soja ndiye anayepindua mapipa, na analipwa. Kila nyumba inaongeza shilingi 50 kwa mwezi. Kuna waliosema kazi kama hiyo ifanywe kwa kujitolea, kwa zamu. Nimeona zamu nyingi za kusafisha choo kwenye ploti za Nairobi, kwa hiyo nilijua jinsi hiyo ingeisha. Mtu akilipwa, ana haki ya kukuita akupe nepi uliyotia kwenye ndoo ya maganda, na soja wetu hana aibu kufanya hivyo mbele ya watu.

Mabaki yaliyopikwa, nyama na vichwa vya samaki hayaingii pipani, maana hayo ndiyo yanayoita panya. Haya yanachukuliwa na kijana mmoja anayefuga kuku Mwiki, anayekuja na pikipiki mara mbili kwa wiki. Nilienda kuona anayafanyia nini kabla ya kumpa ndoo ya kwanza, kwa sababu nilihofia anawapa kuku moja kwa moja. Kumbe anafuga nzi. Kwa kweli ni wadudu wanaoitwa nzi askari weusi, ambao icipe, taasisi ya wadudu pale Kasarani, imewafanyia utafiti kwa miaka. Mdudu mkubwa anafanana na nyigu mweusi mwembamba, haji mezani kwako kwa sababu akishakomaa hana haja ya kula, na anaishi siku chache tu za kupandana na kutaga mayai kwenye nyufa za vipande vya mbao. Wanaokula ni funza wake.

Kijana aliniinamisha kwenye karai moja nisikilize. Ugali wetu, wali wetu na githeri ya mtu fulani vilikuwa vinachemka polepole bila moto, na sauti yake ni mchakacho kama wa mvua nyepesi juu ya mabati. Nilitia mkono, kukawa na joto. Baada ya wiki mbili hivi funza wanakomaa, wanageuka kahawia, na wenyewe wanapanda mteremko wa ubao kutafuta pakavu na kudondokea kwenye ndoo. Hakuna anayewavuna hapo, wanajivuna. Wakikaushwa, karibu asilimia 40 yao ni protini, kwa hiyo anapunguza omena na soya kwenye chakula cha kuku, vitu ambavyo bei yake hupanda na ambavyo pia watu wanavila. Kinachobaki kwenye karai ni mbolea. Kwa malipo anatuletea trei ya mayai mara moja moja, na nani anapata ni mjadala ambao sitauingia hapa.

Vijana wa lori nilidhani watachukia, kwa kuwa tumewapunguzia kazi. Ilikuwa kinyume. Magunia sasa ni makavu na mepesi, na wanaokota chupa, katoni na vyuma bila kuchovya mikono kwenye mchuzi. Mkubwa wao alikuja akaniuliza kama naweza kuongea na ploti ya jirani. Nilimpeleka kwa soja, wakaongea wao kwa wao, na sasa soja ana mapipa mawili zaidi ng'ambo ya ukuta na malipo mengine.

Mboji inakuwa tayari baada ya miezi mitatu hivi, zaidi kidogo wakati wa baridi. Tunaichekecha kwa wavu wa madirisha wa zamani. Nyumba inayotaka inachukua ndoo moja, na ukuta wa nyuma sasa umejaa magunia ya sukuma, mchicha, na dhania. Mama mboga wa pale getini, ambaye zamani alitupa majani ya kabeji barabarani, anatuletea gunia zima kila jioni na anachukua mboji kumpelekea mama yake Kinangop. Mtaro wa mbele ulipita masika ya mwaka uliofuata bila fundi.

Mabachela wa ghorofa ya nne hawatenganishi chochote, lakini sijawasumbua. Hawapiki. Taka zao ni vifuko vya chipsi na chupa za soda, tayari ni kavu.

Kilichobaki ni nepi. Hizo haziozi, haziuziki, na kwenye ploti yenye watoto wengi kama yetu ndizo zinazojaza magunia sasa. Tulichofanya ni kuzipa gunia lake peke yake lenye utepe mwekundu, ili vijana wa lori wasiingize mkono humo wakitafuta chupa. Mama wawili wamerudia nepi za kitambaa, usiku wanatumia za kununua, mchana za kufua. Maji yakiwepo.