Mita ilisoma 2 nikasema salama: nilivyokuja kuzielewa kemikali hatari baada ya kufeli

Niseme tu ukweli, kozi ya wazimamoto ya kemikali hatari mi niliifeli mara ya kwanza, na sikufeli kwa uvivu. Nilisoma sana. Madaraja yote 9 ya mizigo hatari nilikuwa nayo kichwani na vigawanyo vyake, ukiniamsha saa nane usiku ukaniuliza 5.2 ni nini nakujibu peroksaidi za oganiki huku macho bado yamefumba. Mtihani wa kuandika nikapita vizuri tu, shida ikaja kwenye zoezi la uwanjani.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: chumba cha mitambo ya kupoozea, amonia inavuja, tumevaa mitungi ya hewa mgongoni kwa hiyo harufu husikii, na mkufunzi anatembea na wewe anakupa kadi ya namba ambayo mita ya gesi "imesoma". Kadi yangu iliandikwa LEL 2%, yaani asilimia 2 ya kiwango ambacho gesi inaweza kushika moto. Mi nikakumbuka kanuni niliyoikariri, kwamba chini ya asilimia 10 ya LEL kazi inaendelea, nikatamka kwa kujiamini kabisa, "Afande, pako salama, wenzetu wanaweza kuingia hata bila vinyago." Hakunifokea. Alifunga daftari lake akaniambia, "Umeua watu wanne, nenda kapumzike."

Nilipokaa chini nikapiga hesabu ndo nikaona nilichofanya. LEL, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho gesi ikichanganyika na hewa inaweza kushika moto, kwa amonia ni 15% ya hewa. Asilimia 2 ya hiyo 15 ni 0.3. Na asilimia moja ya hewa ni sawa na ppm 10,000, yaani sehemu elfu kumi kwenye milioni, kwa hiyo 0.3 inakuwa ppm 3,000. Sasa kiwango cha amonia kinachohesabika ni hatari ya papo hapo kwa uhai, ile wanayoita IDLH, ni ppm 300. Mara kumi! Mita ilikuwa inaniambia hapa hapalipuki, mi nikasikia hapa hapaui.

Nikapewa nafasi ya kurudia baada ya miezi mitatu, na safari hii kadi za kukariri nikaziweka kando. Nilianzia kwenye kitu ambacho mara ya kwanza nilikipitia juu juu kabisa, chombo.

Manake fikiria, unafika kwenye tukio, uko mita mia kadhaa upande upepo unakotokea, bango husomi bado, namba huzioni, karatasi za mzigo ziko kwenye kabini ya dereva ambaye hujui yuko wapi. Unachokiona ni umbo. Umbo la tanki lina sababu zake, halikuchorwa kwa urembo, na ukishajua sababu hausahau tena. Lori ambalo tanki lake ukilitazama kwa nyuma lina umbo la yai lililolala, hilo halina presha ya maana, ni la petroli, dizeli na ndugu zake, na mengi ni alumini nyepesi ambayo moto ukiwa mkali inayeyuka taratibu kushuka hadi usawa wa mafuta yaliyobaki. Linatisha ila halirushi vipande kilomita nzima. Tanki jembamba lenye pete za kulikaza kwa nje, hapo waza asidi. Kwa nini jembamba? Asidi ya salfa kali ina uzito wa karibu mara 1.8 ya maji, sasa ukiijaza kwenye tanki nene lori halitembei. Mi hiyo sababu moja ilinisaidia kuliko kurasa kumi za michoro.

Afu kuna lile ambalo ncha zake zimebinuka kama kidonge cha kapsuli, laini, halina kona popote. Hilo ni presha. LPG (gesi ya kupikia), amonia na kadhalika. Hapo ndo pa kuogopa, na pana kitu kimoja nilikuwa sikielewi kabla, kwamba moto unaolamba sehemu ya chini yenye kimiminika sio mbaya sana kama moto unaolamba sehemu ya juu yenye mvuke. Chini kimiminika kinalipoza bati. Juu hakuna cha kulipoza, chuma kinalegea huku presha ndani inapanda, kinapasuka, na propani, moja ya gesi za LPG, lita moja ya kimiminika ikiachiwa inakuwa karibu lita 270 za gesi. Pale Kingman, Arizona, Julai 1973, behewa la propani lilipasuka hivyo na wazimamoto 11 wakafa. Kwa hiyo siku hizi nikisikia mlio wa valvu ya usalama unazidi kuwa mkali sibaki kujadiliana na mtu, naondoa watu.

Matanki yenye kuta mbili na kabati la valvu nyuma ni ya vitu vya baridi kali, nitrojeni ya maji yenyewe iko nyuzi 196 chini ya sifuri, usijaribu kuipiga maji kwenye valvu maana barafu inaziba kila kitu. Mapipa nayo yanaongea: lenye vitundu viwili vidogo juu kwa kawaida ni kimiminika, ambalo kifuniko chote kinafunguka mara nyingi ni unga au tope, na la plastiki nashuku kitu cha kubabua mpaka nithibitishiwe. Mitungi ya gesi sitaki kuiongelea sana kwa sababu rangi zinatofautiana nchi na nchi, ila wa asetilini ujue hauko mtupu ndani, una kitu chenye vinyweleo kimelowana asetoni, ndo maana ukishapata moto hata ukizima bado unaweza kuendelea kujichemka wenyewe kwa ndani.

Madaraja nikayarudia baada ya hapo na yakawa rahisi sana, kwa sababu sasa kila daraja lilikuwa na chombo chake kichwani. Sikuhangaika tena na yote kwa usawa. Yale yenye mtego ndo nikayapa muda. 4.3 ni vile vinavyotoa gesi ya kuwaka vikiguswa na maji, yaani silaha yetu kuu inakuwa adui. 2.2 ni gesi isiyowaka wala sumu, watu wanaidharau, wakati nitrojeni kwenye shimo inakuangusha bila kukohoa hata mara moja kwa sababu imefukuza oksijeni. 5.1 ni vioksidishaji, vyenyewe haviungui ila vinaulisha moto, na amonia naitreti iko humo. Beirut tarehe 4 Agosti 2020 zilikuwa tani 2,750 za hiyo kitu kwenye ghala, ghala likalipuka, na watu 10 wa kikosi cha zimamoto walioitwa kwenda kuzima moto wa ghala hawakurudi. Kila nikisoma 5.1 nawafikiria wale.

Zile namba za tarakimu nne za Umoja wa Mataifa zinazotambulisha kila kemikali sikukariri nyingi, nimeshika zile tunazokutana nazo, 1203 petroli, 1202 dizeli, 1075 LPG, 1017 klorini, 1005 amonia. Zingine ziko kwenye kile kitabu cha mwongozo wa dharura chenye kurasa za rangi ambacho Marekani, Kanada na Mexico wanakitoa upya kila baada ya miaka minne, njano unatafuta kwa namba, bluu kwa jina, chungwa inakwambia ufanye nini, kijani inakupa umbali. Kama hujui kabisa ni nini unafungua mwongozo 111. Wengi wetu tulikuwa tunaona aibu kufungua kitabu mbele ya watu, eti tutaonekana hatujui kazi. Mi aibu hiyo niliimaliza siku ya kadi ya amonia.

Mtego mwingine uliokuwa unanichanganya: ile almasi ya rangi nne inayobandikwa kwenye majengo, 4 ndo mbaya kabisa na 0 ni salama. Lakini kwenye karatasi za usalama wa kemikali za mfumo wa kimataifa, kundi la 1 ndo baya kabisa na namba zikipanda hatari inapungua. Yaani kinyume. Nani alikubali hii kitu sijui, ila nilijiandikia ndani ya kofia kwa maka peni.

Sasa viwango vya gesi ambavyo mtu anaweza kuvuta kwenye hewa, hapa ndo palipokuwa kidonda changu. Nilichofanya nikaacha kuviona kama orodha ya vifupisho, nikaviweka kwenye saa. Kuna kiwango cha mfanyakazi wa kila siku, masaa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, wastani wa zamu nzima. Kuna cha dakika 15. Kuna dari, yaani hata sekunde moja usivuke. Halafu kuna IDLH, ambayo watu wanaifanya kama ruhusa, "bado hatujafika IDLH tuko poa", wakati ilipangwa kwa wazo la mtu ambaye kinyago kimemfia ndani, aweze kutoka bila kufa, bila madhara ya kudumu na bila macho kufumba akashindwa kuona mlango. Ni mstari wa kukimbilia nje, hauwi mstari wa kufanyia kazi.

Nikachukua daftari nikapiga ile hesabu ya amonia kwa kila gesi niliyoijua. Kaboni monoksaidi LEL ni 12.5%, kwa hiyo asilimia moja tu ya LEL ni ppm 1,250, na IDLH yake ni 1,200. Umeshavuka na mita ya mlipuko imetikisika kidogo tu! Petroli LEL ni 1.4%, asilimia 10 yake ni ppm 1,400. Haidrojeni salfaidi IDLH ni ppm 100, na kuzunguka hapohapo pua inakufa ganzi, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "harufu ya mayai viza imeisha" muombee. Na oksijeni, hii ilinishangaza kuliko zote: hewa ya kawaida ni 20.9%, kengele inalia ikishuka 19.5. Lakini oksijeni ni kama moja ya tano tu ya hewa, kwa hiyo ikishuka kwa 0.1 peke yake maana yake kitu kingine kama nusu asilimia kimeingia, yaani karibu ppm 5,000 za kitu usichokijua. Nilikuwa naona 20.8 naisoma kama kawaida. Siku hizi nikiiona hiyo baada ya kuhakikisha mita ni nzima nasimama.

Nikarudia zoezi nikapita, mkufunzi akanipa tena ile kadi ya LEL 2% makusudi kabisa, nikamwambia amonia, ppm 3,000, hakuna anayeingia bila hewa yake na nguo ya kuzuia gesi. Akatabasamu tu.

Kilichonipima kweli kilikuja baadaye. Simu ya usiku, stoo ya bwawa la kuogelea, wafanyakazi wawili wamekohoa mpaka wametapika, wako nje tayari. Mwenzangu alishafika mlangoni na mita yetu ya gesi nne akaniita, "Kaka njoo, mita iko kimya, hewa safi!" Nikamwambia rudi. Alikasirika. Mita yetu inasoma oksijeni, gesi za kuwaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi, na kwa nilivyowasikia wale jamaa wanasimulia, mmoja alimimina asidi kwenye dumu alilodhani ni la asidi kumbe ni dawa ya klorini ya maji. Madumu yote mawili yana stika ileile ya daraja la 8, picha ileile ya mkono unaobabuka, namba 1789 ya asidi na 1791 ya dawa ya klorini, yanakaa rafu moja kama mapacha, na ukiyachanganya yanatoa gesi ya klorini. IDLH ya klorini ni ppm 10. Kihisio cha klorini hatuna. Na ni nzito mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo iko chini, inatambaa kwenye zile ngazi za kushukia stoo alikokuwa anataka kuingia.

Tukahamia upande upepo unakotokea, tukafunga eneo, tukaita kikosi chenye vifaa. Yule mfanyakazi mmoja, mdogo kwa umri, akawa ameshapata nafuu, anacheka, anataka kwenda kulala kwake. Nikamwambia mdogo wangu vua hizo nguo tuweke kwenye mfuko na uende hospitali, klorini inaweza kukuachia masaa kadhaa unajiona mzima ndo mapafu yaanze kujaa maji. Alibisha karibu dakika kumi, mpaka mwenzake akamsukuma kwenye gari. Saa kumi alfajiri nikapiga simu kuulizia, wakaniambia pumzi ilianza kumbana mnamo saa nane, yuko kwenye oksijeni, anaongea.