Kifaili kidogo kilichookoa maktaba yangu

Nafundisha sekondari hapa Dodoma, na tangu walimu tupewe vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, wenzangu huniomba vitabu vya kielektroniki karibu kila wiki. Ninavyo zaidi ya 600, na vingi vilikuwa na majina yasiyoeleweka. Nikapakua Calibre, programu ya bure ya kupanga vitabu hivyo kwenye kompyuta, nikaviingiza vyote.

Kosa langu lilikuwa kutoiamini. Calibre hunakili kila kitabu kwenye mpangilio wake: folda ya mwandishi, ndani yake folda ya kitabu, humo ndimo kuna kitabu chenyewe, picha ya jalada na kifaili kiitwacho metadata.opf. Mimi nilitaka folda za masomo, nikaanza kuhamisha mwenyewe. Nilipofungua programu, majina yapo, vitabu havifunguki! Kumbe orodha yote imo kwenye faili moja, metadata.db, nalo ndilo linalokumbuka kila kitabu kilipo. Nilivirudisha kimoja kimoja hadi usiku wa manane. Masomo nikayaandika kama lebo, na nikafurahi kuona kitabu kimoja kinaweza kuwa cha Historia na cha Uraia kwa wakati mmoja.

Miezi miwili baadaye umeme ulikatika nikiwa katikati ya kurekebisha majina ya waandishi, na betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani. Ulipowaka, metadata.db lilikuwa limeharibika. Niliishiwa nguvu. Lakini kila metadata.opf ni nakala ya taarifa za kitabu kilicho pamoja nacho kwenye folda: jina, mwandishi, lebo. Kwenye sehemu ya utunzaji wa maktaba nikachagua kurejesha hifadhidata, yaani ile orodha ya metadata.db, programu ikapita folda baada ya folda, ikaijenga upya. Vitabu vichache tu vya jioni ile vilirudi na majina ya zamani, maana nakala hizo huandikwa chinichini, si papo hapo.

Juzi mwalimu wa Hisabati alijichotea kitabu moja kwa moja kutoka kwenye folda. "Mwalimu, mbona nikikifungua kinaonyesha jina lilelile la ajabu?" Nikamweleza kwamba marekebisho hukaa kwenye hifadhidata, na huingia ndani ya kitabu pale programu inapokituma au kukihifadhi nje. Nikamtumia upya kwa kupitia Calibre. Kilifunguka na jina lake kamili.