Mkungu wa Shilingi Ishirini

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimepanga kuwaandikia juu ya Zaburi ya 133, ndugu wakae pamoja kwa umoja, kwa sababu siasa zimeanza kupanda joto na maneno ya kura ya maoni yanasikika tena. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima. Nimeuchana.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulitoka nje kwa mnada wa sadaka kama kawaida. Kuku wawili, trei ya mayai, maboga, miwa. Kisha kijana anayenadi akainua mkungu wa ndizi. Hakusema neno baya hata moja. Alitaja bei ya kuanzia, shilingi mia mbili, na akina mama wakaanza kupandishiana. Mimi nikaondoka nikaenda kusimama nyuma ya choo cha kanisa mpaka mnada ukaisha.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya tulipiga kura juu ya katiba mpya. Ndizi ilikuwa Ndiyo, Chungwa lilikuwa La. Tume ya uchaguzi ilitupatia matunda kuwa alama ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua, na kabla ya kampeni kuisha matunda yenyewe yalikuwa yameshapewa makabila. Sokoni kwetu mama mmoja aliulizwa ni nani amemlipa apange machungwa mbele na ndizi nyuma.

Mimi nilikuwa Chungwa. Tulishinda kwa karibu asilimia 58, mikoa saba kati ya minane. Siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza la mawaziri, na sisi mtaani tukatembea kama tuliovuka Bahari ya Shamu. Jumapili ikafika, tarehe 27, na mnadi sadaka alikuwa mimi.

Kulikuwa na mzee mwenzangu wa kanisa, jirani yangu wa shamba. Trekta tulikuwa tukikodi pamoja, analima kwake asubuhi, mchana linavuka kwangu. Alikuwa Ndizi, na hakuficha. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alileta mkungu kutoka migomba iliyokuwa nyuma ya jiko lake. Ilikuwa nadhiri yake, tangu mkewe alipopona. Siasa haikuwamo humo hata kidogo. Nami nililijua hilo.

Nikauinua mkungu juu ya kichwa nikasema, "Haya, nani atanunua hii iliyoanguka Jumatatu?"

Kanisa zima lilicheka. Hakuna aliyetaja bei, maana kutaja bei kungekuwa kukiri upande. Nikasema shilingi ishirini, nikazilipa mwenyewe, kicheko kikaongezeka. Yeye alikuwa amesimama chini ya mti, kofia mkononi. Akaivaa polepole, akamshika mjukuu wake mkono, akaenda zake. Hakurudi kanisani kwetu tena.

Miaka miwili baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mnajua machafuko yaliyotokea. Lile Chungwa lilikuwa limeshakuwa chama, na majeraha ya 2005 yaliingia nalo kwenye kura bila kufungwa bandeji. Tarehe Mosi Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa wamekimbilia humo. Barabarani watu walitakiwa kuonyesha kitambulisho na kusema maneno mawili ya lugha ya mama, kama kule kwenye Biblia, kwenye vivuko vya Yordani, ambako asiyeweza kutamka Shibolethi aliuawa. Juma lile lile nyumba ya jirani yangu ilichomwa. Migomba pia.

Mimi sikuwasha kiberiti. Nimejitetea hivyo miaka hii yote, hata kwenye maombi. Lakini kijana mmoja kati ya wale waliokuja usiku ule alikuwa amecheka Jumapili ile, akiwa mbele kabisa, na aliyemfundisha kwamba mtu yule ni wa kuchekwa nilikuwa mimi, nikiwa nimevaa suti, Biblia iko mezani.

Basi wiki hii nimesoma Mathayo 5:23-24 kama sijawahi kuisoma. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako." Angalieni vizuri hapo. Bwana hakusema kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Tungependa iwe hivyo, maana sisi tumeshasamehe, tumesamehe sana, tunawasamehe watu hata ambao sisi ndio tuliowakosea! Alisema yeye ana neno juu yako. Mwenye jeraha ni yeye. Na wewe unayekumbuka ndiwe unayetakiwa kuacha sadaka, kutoka nje, na kutembea mpaka kwake.

Wapendwa, hapa niruhusuni nikaripie kidogo, nikianza na nyumba yangu. Kila nchi ikipasuka tunakimbilia 2 Mambo ya Nyakati 7:14. Tunaiimba, tunaiandika kwenye mabango ya maombi ya kitaifa, tunamkaribisha mheshimiwa aisome kwenye maikrofoni. "Kujinyenyekesha" tunasoma. "Kuomba" tunasoma. Tukifika "kuziacha njia zao mbaya" tunaongeza kasi. Tunataka Mungu aiponye nchi kwa jumla jumla, bila mtu yeyote kutajwa jina. Yeremia aliliita hilo kuponya jeraha kwa juu juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani.

Na msidhani ni ya 2005 peke yake. Mwaka 2010, kwenye kura nyingine ya katiba, rangi zilipochukua nafasi ya matunda, kijani Ndiyo na nyekundu La, makanisa mengi yetu yalisimama na nyekundu, kwa ajili ya kifungu cha kutoa mimba na mahakama za Kadhi. Kuwa na msimamo si dhambi. Mimi mwenyewe nilipiga La tena, na leo bado ningetetea baadhi ya hoja zile. Lakini tuliwaambia washirika wetu waliopiga Ndiyo kwamba wokovu wao una walakini. Tulishindwa, theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema Ndiyo, katiba ikazinduliwa Agosti 27, na ni wachungaji wangapi mliowaona wakirudi kwa dada yule wa kwaya kumwambia, "Nilikukosea"? Viongozi wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa ya Kenya, walikuwa wamekiri hadharani Februari 2008 kwamba walichukua pande. Nilisikia kukiri kule kwenye redio nikasema amina kwa sauti kubwa. Kisha nikaenda kukamua ng'ombe.

Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008, msuluhishi Kofi Annan akiwapo, na tulilia kwa furaha mbele ya televisheni. Karatasi ile ilizima moto, nashukuru Mungu. Shilingi ishirini zangu haikuzigusa.

Jumatano nilipata namba yake kupitia binti yake. Nilipojitaja jina, upande wa pili palikuwa kimya, nikasikia redio na kuku. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga. Akanikata.

"Ule mkungu mliuuza bei gani?"

"Shilingi ishirini, mzee."

"Nani alinunua?"

"Ni mimi."

"Mlizila?"

"Watoto walizila."

Akanyamaza tena. Kisha akauliza kama zilikuwa tamu, nikamwambia zilikuwa tamu sana, na hapo sauti ikaniishia. Akasema huko Nyandarua alikohamia ni baridi, ndizi hazikubali, wanapanda viazi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alinieleza mahali pa kushukia matatu.

Nakwenda Jumamosi. Niombeeni. Mke wangu ameniuliza mara mbili nitabeba nini mkononi, na bado sijamjibu.