Matikiti yalikuwa yananyauka shambani Kigamboni, hivi ndo nilivyotatua

Wakuu, kama matikiti yako mchana yananyauka upande mmoja, usiku yanasimama, baada ya siku kadhaa mche wote chali na maji umemwagilia vizuri, usikimbilie duka la dawa. Kata shina chini karibu na udongo uangalie ndani, mimi nilikuta mishipa imekuwa ya kahawia. Huo ni mnyauko wa fuzari, fangasi wa udongoni, anaingilia kwenye mizizi anaziba njia za maji, na dawa ya kupuliza majani haimfikii. Ukiacha kulima matikiti msimu mmoja haisaidii maana anakaa ardhini miaka mingi.

Kilichoniokoa ni kubebesha, yaani kuunganisha tikiti juu ya shina la mmea mwingine wenye mizizi isiyoshambuliwa. Fuzari anayeua tikiti maji hashambulii mumunye, so unaotesha mumunye, mche ukiwa bado mdogo unatoa kichwa chake chote, unachomeka kikonyo cha tikiti (ncha ya mche wake mchanga), unabana na klipu, unaweka kivulini umefunika nailoni unyevu usitoke mpaka vishikane. Wajapani walianza hii kitambo, miaka ya 1920. Kazi ya mikono kwelikweli lakini inalipa jamani!

Ukihamishia shambani HAKIKISHA kile kiungo kinakaa juu ya udongo, ukikifukia tikiti litatoa mizizi yake lenyewe na ugonjwa unarudi palepale. Miche iliyokufa ng'oa ukachome, na jembe lioshe kabla hujaenda nalo shamba lingine. Saivi eneo lilelile lililoniua moyo nachuma matikiti.