Rangi niliyoupaka mti ilinirudia baada ya miaka minane

Mzee aliyenifunza kazi ya kukata matawi ya miti alikuwa haendi popote bila kopo la rangi nyeusi. Alilifunga kiunoni, brashi imekakamaa kama kijiti, na amri yake ilikuwa moja tu: "Kijana, kata ilale sambamba na shina. Mkono ukipita usikwame popote. Halafu paka." Nikawa hodari wa kulaza. Nilikwangua hadi ile nundu kwenye shingo ya tawi, pale linapoungana na shina, ikaisha kabisa, nikapaka mara mbili, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yangu. Nilijiona daktari bingwa.

Miaka minane baadaye mwenye mti mmojawapo akaniita. Tawi nene lilikuwa limedondoka usiku, hata upepo haukuwepo. Nilipougonga mti chini kwa nyundo ya mbao ukalia kama ngoma. Tukauangusha, na kwa sababu wasiwasi ulikuwa umeshaniingia, nikalipasua shina kwa urefu pale pale chini.

Sitasahau nilichokiona. Rangi yangu ilikuwa imekaa, nyeusi, inang'aa, haina hata ufa. Nyuma yake mti ulikuwa umegeuka kahawia na kulegea; nilichomeka bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini bila mimi kutumia nguvu. Na uozo haukuishia hapo kwenye kidonda. Ulikuwa umepanda na kushuka ndani kama moshi kwenye bomba. Nilihesabu vidonda vitano vya mkono wangu, vitano vyote hivyo hivyo.

Kilichoniuma hasa ni cha sita. Hicho hakikuwa changu. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa amekata kitawi kwa msumeno wa mkono, kivivu, akaiacha shingo yote kwa sababu msumeno haukufika karibu zaidi. Hakupaka kitu. Gome jipya lilikuwa limekizunguka kidonda pande zote kama mdomo unaofumba, likafunga kabisa, na ndani uozo haukufika hata kina cha kidole. Mtoto asiyejua lolote alikuwa amenishinda mimi fundi na kopo langu.

Ndipo nikaanza kusoma, na nikakutana na Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, ambaye naye alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kupasua miti kwa urefu kutazama ndani, ila yeye alipasua mingi mno. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha maelezo yao: mti hauponi kama ngozi yetu. Sehemu iliyojeruhiwa haifufuki. Mti huizungushia kuta, ukaifungia humo, kisha ukaendelea kuota nje yake. Ukuta dhaifu kuliko zote ni ule wa kuzuia uozo usipande na kushuka, ndiyo maana nilikuta lile bomba la moshi. Wenye nguvu kuliko zote ni ule unaojengwa baada ya kidonda, kati ya mti wa zamani na mti mpya. Na ile nundu niliyokuwa naikwangua kwa bidii ndiyo yenye kinga ya pale tawi linapoungana na shina. Nilikuwa nabomoa mlango halafu napaka rangi fremu.

Sasa nakata hivi. Tazama kwapa la tawi, juu, utaona mstari wa gome lililokunjamana. Chini yake shingo imevimba kidogo. Mkato wa mwisho unapita nje tu ya vitu hivyo viwili, bila kuvigusa na bila kuacha kigutu kirefu pia, maana kigutu hufa na kidonda hakifungi. Lakini huo ni mkato wa mwisho. Kabla yake kuna miwili, na hapo ndipo uvivu ulinigharimu siku nyingine: niliruka mkato wa chini kwa kuwa tawi lilionekana dogo. Lilipoinama likabandua gome la shina kama unavyovua soksi, karibu urefu wa mkono mzima. Kwa hiyo: kwanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, robo ya unene. Pili juu, mbele zaidi ya ule wa kwanza, uzito uanguke. Kigutu kikibaki, ndipo ukate kwa utulivu.

Tawi lililo juu ya paa ni habari nyingine. La kwanza nililifunga kamba karibu na shina. Nilifikiri: upande wa shina ndio mzito, nikiushika huo nimemaliza. Nilipokata, ncha ikatangulia kushuka, ikapiga mfereji wa paa, ukakunjika kama karatasi. Kijana wangu wa chini naye alikuwa amejiviringishia kamba mkononi. Bahati yake mfereji ulipokea uzito, vinginevyo angeinuliwa. Malipo yote ya siku ile yaliingia kwenye mfereji, na mfukoni nikaongeza. Tangu siku hiyo hakuna anayejiviringishia kamba ya tawi mkononi kwangu, hata kwa mzaha.

Safari ya pili nilikaa nikilitazama tawi mpaka mwenye nyumba akadhani nimesinzia. Kisha nikapitisha kamba kuu kwenye panda imara juu zaidi ya tawi, nikalifunga si shinani bali mbele, kupita katikati, kuelekea kwenye ncha. Kamba ya pili, nyembamba, nikaifunga mwishoni upande wa shina, ikashikwa na mtu aliyesimama mbali, pembeni. Kamba kuu ikazungushwa mara tatu kwenye shina lenyewe chini, ili msuguano ubebe uzito badala ya mikono. Nilipomaliza kukata, tawi halikuanguka. Lilining'inia karibu sawa na mizani, likatikisika, yule wa pembeni akalivuta taratibu likageuka na kutoka juu ya paa, likashushwa kama mtoto aliyelala. Nilikaa juu ya mti nikicheka peke yangu.

Mengine nayasema kwa wale wanaoanza, maana nachoka kuulizwa. Msumeno wa injini ukitoa unga badala ya vipande, umeshakuwa butu, shuka, unoe. Pembe ya juu ya ncha yake usiiguse kwenye kitu, itakurudia usoni kabla hujapepesa. Ukiwa juu na msumeno huo, jifunge sehemu mbili. Mnyororo hauchagui kati ya tawi na kamba yako. Waya wa umeme ukiwa karibu, usipande, waite wenye umeme. Uyoga mgumu uliootea shinani chini si pambo, ni dalili ya uozo ndani. Na mteja akikuomba ukate kilele chote ili mti "upungue", mkatalie kwa adabu: machipukizi yatarudi mengi, yameshikilia juu juu tu, na siku yatakapokuwa mazito yatadondoka.

Yule mzee bado yupo. Nilimpelekea kipande cha lile shina, chenye rangi yangu upande mmoja na uozo upande wa pili. Akakigeuza, akakwaruza rangi kwa ukucha, akakisogeza karibu na macho.

"Lakini rangi ilikuwa nzuri, kijana," akasema. "Tazama, haijabanduka."